Nyumba Ipandayo Mgongoni mwa Ngamia

Juma hili twawaomba mtoke nasi pwani hadi Diff, mji wa Wajir Kusini ulio karibu na mpaka wa Somalia. Sisi tuliolelewa juu ya mikeka twaijua subira ya mwanamke na ukili wake. Kule barani, subira hiyo husimama ikawa nyumba nzima.

Nyumba ya mfugaji wa Kisomali, yaani aqal, ni kazi ya wanawake. Binti akiposwa, mama yake, jamaa na majirani hukusanyika kumfumia majamvi ya kuifunika. Magome ya mgunga hubambuliwa, nyuzi zikalainishwa, pengine kwa kutafunwa mdomoni, kisha zikasokotwa. Hakuna jamvi la mkono mmoja. Siku ya kuhama, miti iliyopindwa hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia, na jamvi lililokuwa paa jana huwa tandiko la mgongo wake. Palipochakaa hutiwa kiraka cha gunia au nguo kuukuu. Aya ya 80 ya Suratun-Nahl yataja nyumba zilizo nyepesi siku ya safari. Msomaji na airejee.

Lakini mgunga uliobambuliwa gome pande zote hufa, na ukame hauuachi mti wala mnyama. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikateketea. Asiye na ngamia ahamie wapi? Hukaa penye kisima, akanunua turubai la nailoni. Jua hulipasua upesi, na vipande vyake huliwa na mbuzi. Hatumlaumu binti anayelichagua: ana shule, ana maji ya kuteka, na jamvi halifumwi kwa siku mbili.

Hata hivyo, wengi wa wasomaji wetu wana jamaa Wajir na Garissa, na nyanya wanaoijua kazi hii bado wapo. Likizo ijayo, mpelekeni binti akae naye, amwonyeshe namna ya kuanza pindo na namna ya kuunga uzi. Gome si lazima kwa anayejifunza. Gunia kuukuu la katani likifumuliwa latoa nyuzi za kutosha kuzoeza vidole, na mgunga ukapumzika.