Kadi Kubwa Sebuleni, ya Nini?

Mpwa wangu alikuja kwangu Barking, mashariki mwa London, kuniungia kompyuta kwenye televisheni ya sebuleni. Kabla hata ya kuiwasha, alichungulia ndani. "Mjomba, mbona haina kadi?" aliuliza, kama fundi aliyefungua boneti akakosa injini. Tukachomeka waya wa HDMI hivyo hivyo. Harusi ya Tanga iliyorekodiwa kwa 4K ikaenda mwanzo hadi mwisho bila kukwama, na feni hatukuisikia.

Swali lake, hata hivyo, ni la wengi: je, kila kompyuta ya burudani ya nyumbani iuzwe ikiwa na kadi kubwa ya grafiki?

Wanaosema ndiyo wana hoja. Michezo ya kisasa, uhariri wa video na sasa akili mnemba vyote vinakula nguvu ya grafiki, na mashine nyingi ndogo za sebuleni hazina nafasi ya kuongezea kadi baadaye. Anayebana matumizi leo huenda akanunua mara mbili.

Lakini kuonyesha filamu ni kazi nyingine. Video huja imebanwa, na kinachoifumua ni saketi ndogo maalumu, ambayo Intel imekuwa ikiiweka ndani ya prosesa zake nyingi tangu 2011. Kadi ya Nvidia RTX 4090, iliyoingia madukani Uingereza mwaka 2022 kwa paundi 1,679, ina viini 16,384. Filamu inapochezwa, karibu vyote vimelala.

Tena nguvu si upya. GTX 1080 Ti ya 2017, kadi iliyotamaniwa na kila mcheza michezo, inayokula hadi wati 250, haina saketi ya kufumua AV1, mfumo wa kubana video unaotumiwa na YouTube na Netflix. Prosesa ya Intel N100 ya 2023, ya wati 6 tu, inayo. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Na pengine kinachokwamisha hakimo kabisa ndani ya kasha. BBC ilipoonyesha mechi za Kombe la Dunia la 2018 kwa picha za UHD, yaani 4K, kupitia huduma yake ya mtandaoni ya iPlayer, nafasi zilikuwa za waliowahi, kwa sababu ya ufinyu wa njia ya kurushia mtandaoni. Waliochelewa wangesaidiwa na kadi gani?

Kwa hiyo la lazima liwe hili: saketi ya kufumua video zilizobanwa kwa H.264, HEVC na AV1. Tundu la HDMI la 4K kwa fremu 60 kwa sekunde. Na nafasi ya kuongeza kadi, au muuzaji aseme waziwazi kwamba haipo. Hapo mwenye haja ataongeza, na bibi anayetazama taarifa ya habari hatalipia michezo ya mjukuu.

Mpwa wangu huhariri video za harusi kwa malipo. Kadi yake inajilipia. Yangu ingekaa sebuleni kama mgeni asiye na safari.