Wanamhukumu aliyekimbia, wanamwacha aliyekula posho

Kesho yake kisha hukumu ya Butembo nilifungua simu kwa wasikilizaji kama kawaida. Wa kwanza alikuwa papa mmoja aliyekimbia Kanyabayonga na watoto sita, sasa wanalala katika darasa la shule. Alitaka wale askari 25 wauawe wote, tena hadharani. Simu ya pili ilisema vile vile. Ya tatu pia. Sikubishana nao, maana mbele ya mikro kazi yangu ni kuuliza. Lakini hapa ninaandika, na hapa ninabishana.

Hasira yenu ninaielewa. Kanyabayonga ilianguka tarehe 28 mwezi wa sita 2024, kisha Kirumba, na kabla watu hawajafunga matandiko, askari walikuwa wamekwisha kuwapita barabarani. Wengine walivunja maduka njiani. Mama aliyenyang'anywa mbuzi na mtu anayevaa uniforme ya nchi yake, siwezi kumwomba amlilie mtu huyo. Basi tusikilizane vizuri: aliyeiba ahukumiwe kwa kuiba, aliyebaka ahukumiwe kwa kubaka, na asisamehewe hata siku moja ya kifungo chake.

Lakini muangalie kilichofanyika tarehe 3 mwezi wa saba. Mahakama ya kijeshi ilikaa, ikasikiliza, ikahukumu watu 25 kufa, kwa siku moja. Toeni muda wa kusoma majina na mashtaka, toeni muda wa mwendesha mashtaka na wa wanasheria, halafu mugawanye zilizobakia kwa 25. Hata kesi ya mpaka wa shamba kwa chifu inachukua siku nyingi kuliko hiyo.

Na kati ya washtakiwa walikuwamo wanawake wanne, mabibi wa askari. Waliachiliwa kwa kukosa ushahidi. Watu wengi waliisikia habari hiyo na kuipita. Mimi ninataka tubakie nayo kidogo. Bibi wa askari anafanya nini kwenye mstari wa vita, hadi akamatwe pamoja na bwana wake?

Jibu munalijua, sababu munawaona. Kambi za kutosha familia hakuna. Askari anatumwa Masisi leo, kesho Lubero, anakaa miaka bila kubadilishwa, na mshahara hautoshi kulisha nyumba mbili. Basi bibi anafuata. Anafunga kibanda cha shitingi nyuma ya kilima, anauza mandazi na makala, na mara nyingi sahani ya bwana wake inatoka katika mandazi yale, haitoki kwa serikali. Siku risasi zinapokaribia, anabeba sufuria kichwani na mtoto mgongoni, anakimbia kama ninyi. Akifika kwenye site ya wakimbizi, anaambiwa arudi kwa bwana wake, chakula hiki ni cha raia. Mmoja alinieleza kwamba alijifanya mjane ili aandikwe kwenye liste. Alicheka aliponieleza, kisha akanyamaza, sababu siku ile hakujua kama alidanganya au hapana.

Na bwana wake ni nani? Katika kila kijiji chetu yuko mmoja. Mwaka 1996 AFDL ilipofika, alikuwa mtoto, wakampa bunduki, wakamwita kadogo. Alitembea kwa mguu, na Kinshasa ikaanguka tarehe 17 mwezi wa tano 1997. Mwezi wa nane 1998 vita ikaanza tena, akajikuta kwa RCD au kwa Mai-Mai, kulingana tu na upande wa mto alikokuwa siku ile. Kisha Sun City na transition ya 2003, akapelekwa brassage, labda Nyaleke pale karibu na Beni, akalala chini na wale waliokuwa wakimpiga risasi. Alikubali. Mwaka 2009 akaona CNDP wanaingia jeshini, na watu aliopigana nao mwaka uliotangulia wakapewa cheo juu yake. Aliyeasi alirudi na nyota. Asiyeasi alibakia kaporali. Nchi inayofundisha askari wake somo hilo kwa miaka ishirini, leo inashangaa kwamba hana moyo?

Mutaniambia: wengine ni waoga tu. Haya, tukumbuke 2012. Tarehe 20 mwezi wa kumi na moja M23 iliingia Goma, na jeshi letu lilikimbia hadi Minova, na huko Minova lilifanya mambo ambayo wanawake wa kule wanayabeba hadi leo. Mwaka mmoja haukuisha, jeshi lile lile likapanda Mbuzi, Chanzu na Runyonyi, na mwanzo wa mwezi wa kumi na moja 2013 M23 ikashindwa. Raia wa Goma walimshangilia Kanali Mamadou Ndala kama mtoto wao. Askari hawakutoka mbinguni kati ya miaka hiyo miwili. Makomanda wa mbele walibadilishwa, posho na risasi vilifika, na brigedi ya ONU yenye Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi ilikuwa pembeni. Tarehe 2 mwezi wa kwanza 2014 Mamadou aliuawa karibu na Beni, na ni afisa wa jeshi letu aliyehukumiwa kwa kifo hicho. Askari mdogo aliona hilo pia. Anajua kuhesabu.

Juu ya Minova, wako waliofikishwa mbele ya mahakama, 39. Hukumu ilitoka mwezi wa tano 2014: wawili tu walipatikana na kosa la kubaka, na wakubwa wakatoka wasafi. Ilichukua mwaka mmoja na nusu. Sasa mupime wenyewe. Askari anapowaumiza ninyi, sheria inatafuta ushahidi miezi na miezi na haiuoni. Anapomkimbia adui, sheria inauona kwa siku moja.

Wako watakaosema maofisa pia wanahukumiwa. Ni kweli, mwezi wa tano 2024 Goma walihukumiwa wanane, na watano kati yao maofisa. Lakini walihukumiwa kwa kuwa waoga na kukimbia. Mimi ninauliza juu ya chakula. Zamani hata mshahara ulipita katika mfuko wa komanda, ukafika umekonda. Tangu 2005 Wazungu wa Ulaya walisaidia kutenganisha njia ya mshahara na njia ya amri, kisha benki ikaingia. Hiyo ilisaidia. Lakini posho haipiti benki. Mafuta ya gari hayapiti benki, na risasi pia. Vyote vinapita mikononi mwa watu, na watu hao wana majina na wanatia sahihi.

Na mbele yake alikuwa nani? Wataalamu wa ONU waliandika mwezi wa saba 2024 kwamba askari wa Rwanda 3000 hadi 4000 walikuwa ndani ya nchi yetu pamoja na M23. Kaporali ambaye bibi yake ndiye anayemlisha aliambiwa asimame mbele ya jeshi hilo.

Tangu 2003 serikali yetu ilikuwa haitekelezi hukumu ya kifo. Tarehe 13 mwezi wa tatu 2024 Waziri wa Sheria aliifungua tena mlango, eti kwa wasaliti. Nilitegemea tungeona kwanza wasaliti wa bei kubwa. Tumeona askari waliotoka Kaseghe na Matembe.

Wanasheria wao wakate rufaa, na mahakama ya juu ichukue muda wake, mtu kwa mtu. Mwenye kuiba duka la Alimbongo atenganishwe na mwenye kuishiwa risasi. Na kwa viongozi wa jeshi nina swali moja, nimekwisha kuliandika na kulipeleka ofisini kwao: nani alitia sahihi kupokea posho na risasi za vituo vile mwezi wa sita, na vilifika vingapi? Jibu likifika nitalisoma katika mikro, pamoja na majina. Papa wa Kanyabayonga, nitakupigia simu kabla, ili uwe karibu na redio.