Kujitolea hospitalini: Usipokuja kesho, nini kitatokea?

Wiki iliyopita, katika kipindi chetu cha asubuhi, tuliwauliza wasikilizaji swali jepesi: nani kati yenu amewahi kujitolea katika zahanati, kituo cha afya au hospitali iliyo karibu naye? Tulitarajia simu tatu au nne. Zilikuja nyingi hadi taarifa ya habari ikachelewa.

Waliopiga hawakufanana. Binti aliyemaliza kidato cha nne alisema kila Jumamosi huwaelekeza wagonjwa dirisha la kadi na maabara. Muuguzi mwenye stashahada alisema huu ni mwaka wake wa pili anafanya zamu kama waajiriwa, za usiku zikiwemo, bila mshahara. Mama mmoja wa makamo alisema huzunguka kitongoji chake chote kufuatilia wajawazito na watoto wenye utapiamlo. Mzee mstaafu alisema huwasindikiza wazee wenzake kliniki ya shinikizo la damu na kuwasomea maelekezo ya dawa.

Wote wanne walitumia neno moja: kujitolea. Hapo ndipo tulipoona kuna jambo la kufafanua. Neno ni moja, lakini wanachokifanya si kitu kimoja, na tukivichanganya kuna watu wanaumia.

Kwa nini tunalizungumza sasa

Sababu ya kwanza ni kwamba Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanaojitolea kwa Maendeleo Endelevu. Hotuba za kuwasifu wanaojitolea zitakuwa nyingi, na wanastahili.

Ya pili ni ya hapa nyumbani. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Lengo lake ni kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima katika miaka mitano, yaani wahudumu wawili, mwanamke na mwanaume, katika kila kitongoji na mtaa. Hawa wanapewa mafunzo ya miezi sita na kutakiwa kulipwa posho. Kwa miaka mingi kazi hiyohiyo ilifanywa na watu waliopewa fulana, baiskeli ikipatikana, na ahsante.

Ya tatu ni fedha. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, kisha ikaipunguza sana. Katika huduma za VVU hasa, wapo watu waliokuwa wakilipwa na miradi ambao waliambiwa kazi imekwisha. Wagonjwa hawakuisha. Mradi ukiondoka, kituo huanza kutazama nani anaweza kuendelea bila malipo.

Swali linalotenganisha

Tumeyasikiliza maelezo ya wasikilizaji wetu mara mbili, tatu. Mwisho tukaona lipo swali moja ambalo kila anayejitolea anaweza kujiuliza: usipokuja kesho, nini kitatokea?

Kama jibu ni kwamba wagonjwa watahangaika kidogo kutafuta chumba cha daktari, basi unajitolea. Umeongeza kitu juu ya huduma iliyopo. Kama jibu ni kwamba wodi ya wazazi itabaki na muuguzi mmoja usiku kucha, wewe umeshika nafasi ya kazi ambayo haijalipiwa.

Tunapenda kusema kutoa ni moyo, si utajiri. Ni kweli. Lakini anayetoa ana uhuru wa kusema leo sina. Asiyeweza kusema hivyo, kwa sababu mama mjamzito anamsubiri mezani, hatoi tena. Anadaiwa.

Sasa tulipeleke swali hili kwa makundi yote manne.

Vijana wa sekondari

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Kijana anakaa nyumbani miezi saba au zaidi. Wazazi wametuuliza kama ni salama kumruhusu aende kujitolea hospitali.

Kwa maoni yetu ni jambo jema, likiwa na mipaka. Kijana anaweza kuwaelekeza wagonjwa, kumsaidia bibi asiyejua kusoma, kusukuma kiti cha magurudumu, kufanya usafi wa mazingira ya nje, au kuwa mkalimani wa lugha ya nyumbani pale mgonjwa asipoelewana na daktari kwa mambo ya kawaida. Wengine hupitia Skauti au Chama cha Msalaba Mwekundu, ambako hufundishwa kwanza huduma ya kwanza.

Asiguse damu, sindano zilizotumika, vidonda wala nguo za wodini zenye uchafu wa wagonjwa. Asipewe mafaili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumwajiri katika kazi zenye madhara au kazi za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Sheria hiyo inazungumzia ajira, lakini tunaona haiwezekani kazi iliyo hatari kwa mtoto anayelipwa ikawa salama kwa mtoto asiyelipwa.

Lipo pia jambo la siri. Kijiji ni kidogo. Kijana akimwona mwalimu wake kwenye foleni ya kliniki fulani, habari inaweza kufika sokoni kabla mwalimu hajapata dawa. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kabla hajaanza, kijana aelezwe hivyo na mkuu wa kituo mbele ya mzazi.

Wahitimu wanaosubiri ajira

Hili ndilo kundi lililotupa simu zenye uchungu zaidi. Tusiwachanganye na madaktari watarajali, ambao wako kwenye mafunzo rasmi ya vitendo. Hapa tunazungumzia tabibu, muuguzi au mtaalamu wa maabara aliyehitimu, mwenye leseni ya baraza lake, anayekwenda kazini kila siku huku akisubiri tangazo la ajira.

Vituo vipya vya afya vimejengwa vingi katika miaka ya karibuni. Jengo hukamilika haraka kuliko mtumishi anavyopatikana, na pengo hilo ndilo linalozibwa na mhitimu anayejitolea. Vituo vingine humpa nauli na chakula cha mchana kutoka mapato ya ndani. Vingine havina cha kumpa.

Faida kwake ipo. Mikono haisahau kazi, na anajulikana na wakubwa. Bungeni Dodoma, wabunge wamesema mara kwa mara kwamba wanaojitolea wapewe kipaumbele ajira zinapotoka. Ukimsikiliza muuguzi wetu wa mwaka wa pili, utaunga mkono hoja hiyo bila kusita.

Lakini tuligeuze upande wa pili. Nani anaweza kufanya kazi miaka miwili bila mshahara? Ni yule ambaye nyumbani wapo wa kumlipia chumba. Mtoto wa mkulima aliyerudi kijijini kulima mahindi ili wadogo zake wasome hana nafasi ya kujitolea, hata kama darasani alikuwa wa kwanza. Kujitolea kukigeuka kuwa mlango wa ajira, mlango huo unafunguliwa kwa fedha. Tunaona ni haki aliyejitolea atambuliwe. Ila itambuliwe pia kwamba wapo waliotaka na wakashindwa.

Na mgonjwa je? Muuguzi mmoja alitueleza jinsi alivyojichoma sindano akiwa zamu ya usiku, katika kituo ambacho hatutakitaja. Alipoomba barua ya kuonyesha aliumia akiwa kazini, aliambiwa jina lake halipo kwenye orodha ya watumishi. Alipata dawa za kujikinga, lakini barua hakupata. Mgonjwa aliyekuwa mbele yake hakujua kwamba anahudumiwa na mtu ambaye kwa karatasi hayupo. Siku mambo yakiharibika, nani atawajibika?

Wahudumu wa ngazi ya jamii

Usipokuja kesho, nini kitatokea? Kwa mama wa kitongojini jibu halionekani siku hiyo. Litaonekana baada ya miezi: mtoto aliyekosa chanjo, mjamzito aliyeanza kliniki akiwa na miezi saba, mgonjwa wa kifua kikuu aliyeacha dawa njiani. Kwa sababu madhara huchelewa kuonekana, ilikuwa rahisi kwa muda mrefu kutomlipa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2018 likishauri wahudumu hawa walipwe kulingana na kazi wanayofanya, na wapewe makubaliano ya maandishi yanayotaja majukumu, mazingira ya kazi, malipo na haki zao. Jirani zetu Kenya walianza kuwalipa wahudumu wao wa jamii, zaidi ya laki moja, mwaka 2023. Posho ni shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu inatoka serikali kuu na nusu kaunti. Si fedha nyingi, lakini kazi imekubaliwa kuwa kazi.

Mpango wetu wa 2024 unaelekea hukohuko. Cha kuangalia ni mambo mawili. Je, posho itafika kila mwezi au itategemea mfadhili? Na wale mama waliozunguka vitongoji kwa miaka 15 bila vyeti watawekwa wapi, wakati vijana waliosoma wanachukua nafasi? Wanaijua kila nyumba. Tukiwaaga kwa kimya, tutakuwa tumepoteza ujuzi usiofundishwa darasani.

Wazee na wastaafu

Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Muuguzi aliyezalisha wanawake kwa miaka 35 anarudi kijijini akiwa bado na macho na akili. Huyu anaweza kukaa na wajawazito katika nyumba ya kusubiri kujifungua, akawaeleza dalili za hatari. Wakunga wa jadi nao siku hizi wana nafasi ya kumsindikiza mama kituoni badala ya kumzalishia nyumbani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama awe na mtu anayemchagua mwenyewe wa kuwa naye wakati wa uchungu, na mara nyingi anayemtaka ni mama mtu mzima aliyeyapitia.

Wazee ndio wanaopita vizuri zaidi kwenye swali letu. Mzee asipokuja kesho, hakuna atakayekosa dripu. Akija, kuna mgonjwa atakayejisikia mtu. Hata hivyo naye ana umri wake: asibebeshwe zamu ndefu, asikae wodi yenye magonjwa ya kuambukiza, na akiwa mstaafu asianze kuandika dawa kwa mazoea wakati leseni imeisha.

Na kwa asiye na muda kabisa, ipo damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupokea wachangiaji wenye afya njema, wenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4.

Tufanye nini kijijini kwetu

Kila zahanati na kituo cha afya cha serikali kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Siku hizi fedha nyingi za kituo huingia moja kwa moja kwenye akaunti yake, na kamati hiyo ina sauti katika mpango wa matumizi. Mkutano mkuu wa kijiji nao hutakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo pa kuuliza:

- Kituo chetu kina watu wangapi wanaojitolea, na wanafanya kazi gani?
- Nani anawasimamia kila zamu?
- Wana barua inayoonyesha tarehe ya kuanza, majukumu na saa za kazi?
- Wamepewa glavu na chanjo ya homa ya ini aina ya B kabla ya kugusa wagonjwa?
- Je, mapato ya ndani yanaweza kumlipa hata mmoja wao kwa mkataba?

Kwa wewe unayetaka kuanza, au mzazi mwenye kijana anayetaka kuanza, usione haya kuomba barua. Barua si dharau kwa kituo. Inamlinda mgonjwa, inakulinda wewe, na inamlinda hata mganga mfawidhi siku akiulizwa.

Yule binti wa kidato cha nne alitupigia tena Jumatatu. Amesema ameomba barua na amepewa: ukurasa mmoja, wenye muhuri, unaosema atakuwa mapokezi Jumamosi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana. Muuguzi wetu wa zamu za usiku naye ameomba. Hadi tunaandika makala haya, bado anasubiri jibu. Tukisikia kutoka kwake, tutawaambia hewani.