Chester Arthur, raisi aliyeitambua bendera ya Leopold

Katika kartie ya Muhumba, komini ya Ibanda, nyumba za zamani za Wabelgiji zingali zinatazama Ziwa Kivu. Kila mkaaji wa pale anajua jina la Leopold wa Pili. Jina la Chester Arthur, raisi wa 21 wa Marekani, ni wachache wanalolijua. Lakini serikali yake ndiyo iliyomfungulia Leopold mlango.

Arthur alizaliwa mwaka wa 1829 huko Vermont, mtoto wa mchungaji wa Kibatisti aliyepinga utumwa. Akiwa avoka kijana mjini New York, alimtetea Elizabeth Jennings, mwanamke mweusi aliyetupwa nje ya gari la abiria lililovutwa na farasi. Mwaka wa 1855 akashinda kesi hiyo. Mwanzo mzuri.

Kisha siasa ikamchukua. Mwaka wa 1871 alipewa kuongoza duane ya bandari ya New York, mahali ambapo kazi ziligawiwa watu wa chama, nao wakirudisha sehemu ya mshahara kwenye sanduku la chama. Mtu wa Bukavu hahitaji kuelezwa zaidi. Raisi Hayes alimwondoa mwaka wa 1878. Akawa raisi kwa msiba, baada ya Garfield kupigwa risasi mwaka wa 1881. Watu walitazamia wizi, kumbe Januari 1883 akatia sahihi sheria iliyotaka sehemu ya kazi za serikali zitolewe kwa mtihani.

Mtu huyo aliyejua hila zote za duane hakuiona hila ya Leopold, ao hakutaka kuiona. Henry Sanford, aliyekuwa mjumbe wa Marekani huko Bruxelles, sasa alimtumikia mfalme. Alifika Washington mwishoni mwa 1883, na Desemba hiyo ujumbe wa Arthur kwa Kongresi ukasifu kazi ya Chama cha Kimataifa huko Kongo. Tarehe 22 Aprili 1884 Marekani ikaitambua bendera ya chama hicho, ya buluu yenye nyota ya dhahabu, kama bendera ya serikali rafiki. Hakuna inchi kubwa iliyotangulia kufanya hivyo. Mkutano wa Berlin ulikuwa haujafunguliwa. Von Götzen, Mzungu wa kwanza kuliona Ziwa Kivu, alifika miaka kumi baadaye. Hakuna Mkongomani aliyeulizwa.

Arthur alikufa Novemba 1886, baada ya kuamuru karatasi zake zichomwe.

Washington imerudi tena katika mambo ya Kivu. Bukavu iko mikononi mwa M23 tangu Februari 2025, na tarehe 27 Juni mwaka huo mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano ya amani kule Marekani. Kusema kwamba ni 1884 tena ni kukosea: mara hii Kongo ilikuwa na waziri wake mezani. Ila mapatano hayo yanagusa pia biashara ya madini, na wachimbaji na wakulima wa Kivu hawakuketi pale. Kinshasa ina deni la kuwasomea watu hao kila kipengele, kwa Kiswahili na kwa Mashi, na kusikia jibu lao kabla kampuni yoyote haijapewa mlima.