Mbegu ya Milimani katika Shamba la Koboko

Mkulima wa Koboko akiambiwa kwamba baridi ni adui wa mazao, huenda akacheka, kwani jua analolijua yeye ni la kuchoma. Hata hivyo twadai kwamba jambo hili linamhusu, nalo humfikia ndani ya gunia la mbegu.

Tulitazame jani. Umbijani, ile rangi yake ya kijani, hunasa nuru ya jua. Kisha vimeng'enya huitumia nguvu hiyo kugeuza maji na hewaukaa kuwa chakula cha mmea. Baridi haizuii nuru kunaswa, bali huidhoofisha kazi ya vimeng'enya. Kwa hiyo asubuhi ya baridi yenye jua kali huwa na hatari kuliko ile ya mawingu: nuru huingia kwa wingi, ikakosa pa kutumika, ikauharibu mtambo wenyewe wa jani. Mahindi, mtama na mihogo, mimea ya nchi za joto, huanza kutaabika joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi, hata pasipo sakitu. Sakitu yenyewe ni balaa jingine. Januari 2012 iliunguza chai ya Kericho na Nandi, nchini Kenya.

Arua iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kitale, huko Kenya, kiasi cha mita 1,900. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo sababu mahindi ya H614, yaliyozalishwa Kitale kwa nyanda za juu, hukaa shambani miezi sita hadi minane. Yalichaguliwa yastahimili ubaridi. Yakiletwa Koboko, ustahimilivu huo hauna kazi, na ardhi hushikwa bure huku mahindi ya muda mfupi yangekwisha kuvunwa. Wala West Nile yenyewe si moja: vilima vya Zombo, karibu na Paidha, vyaotesha kahawa ya arabika.

Tangu Agosti 2016 wakimbizi wa Sudan Kusini waliofika Bidibidi, katika Yumbe, jirani ya Koboko, waligawiwa viwanja vya mita 30 kwa 30. Mwenye kiwanja hicho hana shamba la pili la kufanyia majaribio. Msimu ukipotea, umepotea pamoja na chakula cha watoto. Kwa nini basi apewe neno tupu "mbegu bora"? Bora kwa mwinuko gani? Twataka kila gunia linalovuka daraja la Pakwach liandikwe waziwazi mwinuko unaoifaa mbegu hiyo na siku zake za kukomaa, na mgawaji aulizwe maswali hayo mawili kabla gunia halijafunguliwa.