Lumbesa ya Majuu

Hapa Burnt Forest mkulima wa viazi haibiwi kirahisi. Broka akija na lori kutoka Nairobi, mama ataangalia gunia kwanza. Akiona limeshonewa kofia ya nyavu juu, anajua hiyo ni lumbesa, gunia linalobeba karibu mawili kwa bei ya moja, na hapo ndipo maneno yanaanza. Mwaka 2019 serikali iliweka kanuni kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Kanuni inavunjwa, sawa, lakini angalau kila mtu anajua kinachovunjwa. Hakuna mtu hapa atakuambia lumbesa ni baraka.

Sasa mletee mama huyohuyo ajenti mwenye fomu za chuo cha Uingereza. Mwambie kijana wake amepata nafasi ya kusomea MBA, mwaka mmoja tu. Mama haangalii gunia tena. Kamati ya harambee inaundwa, pasta anaombea barua ya chuo, na baba anaanza kutafuta mnunuzi wa robo ekari. Neno "elimu" likitajwa, watu wetu wanavua kofia na kuzima kikokotoo.

Hoja yangu ni fupi. Kinachouzwa kwetu kwa jina la MBA ya majuu, mara nyingi ni kibali cha kwenda kutafuta kazi. Kutafuta kazi majuu hakuna aibu yoyote. Shida ni kwamba tumekipa kibali hicho jina la elimu, na elimu haiulizwi hesabu.

Naongea kama mtu anayeziona hizi karatasi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na tangu hapo nakula kwa kuandika. Sehemu ya riziki yangu ni kuhariri barua za maombi za watu wanaotaka kwenda kusoma nje. Kwenye barua, mtu anasema ana kiu ya kujifunza uongozi wa kimataifa. Tukiongea kwa simu, swali la kwanza ni: naruhusiwa kufanya kazi saa ngapi kwa wiki? La pili: nikimaliza naweza kukaa? Bado sijapata anayeniuliza ni nani anafundisha uhasibu pale. Na siwalaumu. Mtu mwenye digrii ya biashara anayeendesha boda hapa stendi ana kila haki ya kutaka kuondoka. Ninachosema ni kwamba aondoke akiwa na hesabu kamili, na wanaomlipia pia wawe nayo.

Basi tuifanye. Kwanza, kuna MBA na kuna MBA. Harvard inatoza zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka, karo tupu. London Business School inapita pauni 100,000 kwa kozi nzima. Anayelipa pesa hizo ananunua pia watu: wanafunzi wenzake na waliomtangulia, ambao kesho watamfungulia milango. Chuo cha mji mdogo ambacho hata Waingereza wenyewe hawakitaji kinauza herufi hizohizo tatu, bila milango. Halafu ajenti anakuambia huduma yake ni bure. Kwa kawaida chuo ndicho kinamlipa, kamisheni kwa kila kichwa kinachosajiliwa. Broka wa viazi angalau hajifanyi mshauri wako.

Pili, visa. Juu ya karo, kwa sehemu kubwa ya mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilitaka mwanafunzi anayeenda nje ya London aonyeshe pauni 1,136 kwa kila mwezi, hadi miezi tisa. Hiyo ilikuwa pauni 10,224. Hata ukihesabu pauni kwa shilingi 150, ambayo ni bei ya chini, unapita milioni moja na nusu. Pesa hizo lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka. Bado kuna ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka.

Hizo siku 28 zina biashara yake. Familia inakopa, pesa zinalala kwenye akaunti, kisha zinarudi kwa mwenyewe na riba. Yaani kijana anaonyesha pesa ambazo hana, kwa serikali inayotaka kujua kama anazo, ili akasomee usimamizi wa fedha.

Tatu, ukifika. Muhula ukiendelea unaruhusiwa kazi ya saa 20 kwa wiki. Tangu Januari 2024, mtu wa shahada ya uzamili ya kufundishwa darasani hawezi kwenda na mke, mume wala watoto. Atakayeomba kukaa baada ya masomo kuanzia Januari 2027 atapewa miezi 18 badala ya miaka miwili. Akitaka kubaki kama mfanyakazi mwenye ujuzi, kiwango cha kawaida cha mshahara kilipandishwa Julai 2025 hadi pauni 41,700 kwa mwaka. Wahitimu wapya wana kiwango cha chini kidogo, lakini si cha mchezo. Na ile kazi ya kulea wazee ambayo wengi walikuwa wameiweka mfukoni kama mpango wa pili? Mwezi huohuo wa Julai, waajiri walizuiwa kuleta walezi wapya kutoka nje, na walio ndani wakaachiwa mwanya wa muda tu. Usiseme basi tutaenda Canada. Kule, kufikia Januari 2024, pesa za kuonyesha zilikuwa zimepandishwa kutoka dola 10,000 za Canada hadi 20,635, na idadi ya vibali vya masomo ikawekewa kikomo.

Namba hizi hazijafichwa. Ziko kwenye tovuti za serikali hizo, bure. Lakini kwenye kadi ya harambee hutaziona. Huko kuna picha ya kijana na joho, ndege inayopaa, aya ya Biblia na namba ya M-Pesa.

Sisi wa Uasin Gishu tulipaswa kuwa wa kwanza kuamka. Mpango wa kaunti wa kupeleka vijana kusoma Finland na Canada, ulioanza Jackson Mandago akiwa gavana, haukuwa wa MBA, lakini uliendeshwa kwa imani hiihii. Wazazi waliweka pesa kwenye akaunti ya mfuko wa elimu wa kaunti. Kuna vijana waliofika Finland wakaambiwa na vyuo kwamba karo haijaingia. Kuna ambao hawakupanda ndege kabisa. Agosti 2023 wazazi na wanafunzi waliandamana Eldoret, na mwezi huohuo Mandago, ambaye sasa ni seneta, alifikishwa kortini Nakuru pamoja na wengine kwa madai ya kula njama ya kuiba zaidi ya shilingi milioni 56. Walikana mashtaka. Nani ana hatia ni kazi ya korti, mimi si hakimu. Swali langu linatuhusu sisi: watu wanaohesabu kila lita ya maziwa walitoaje malaki bila kuuliza sana? Jibu nililosikia kwa wazee ni lilelile. Ilikuwa ya masomo, na ilikuwa na muhuri.

Fikiria hili. Ukitaka kuuza shamba, sheria inataka idhini ya bodi ya ardhi. Bodi inaketi, mke anaulizwa kama amekubali, watoto wakubwa wanaangaliwa usoni. Mahali palipoungua 1992 na tena 2008, tunaelewa vizuri kwa nini ardhi haiuzwi gizani. Lakini pesa ya shamba ikishatoka hapo na kuingia kwa ajenti, hakuna bodi inayoketi. Mama aliyeulizwa kuhusu robo ekari haulizwi kuhusu robo ekari hiyohiyo ikishageuka karo.

Mtu ataniambia: na Tom Mboya je? Si watu walichanga? Ndiyo, walichanga. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81 kwenda Marekani. Wangari Maathai alifuata mwaka 1960, akarudi 1966 na shahada ya uzamili ya sayansi kutoka Pittsburgh. Lakini nyuma yao kulikuwa na nchi iliyokaribia kupata uhuru, yenye ofisi zilizokuwa zinamngojea Mwafrika mwenye cheti. Waliochanga walijua wanachangia nini. Leo mwenye MBA hangojewi na ofisi yoyote hapa, na kule anahesabiwa miezi. Ukichanga 2026 kwa hesabu ya 1959, umenunua lumbesa.

Mwingine atasema huu ni wivu wa mtu aliyeacha chuo. Sawa, tuseme ni wivu. Je, pesa za kuonyesha zinapungua kwa sababu mimi nina wivu?

Na sisemi mtu abaki nyumbani kwa uzalendo. Moi University iko hapa karibu, na wahadhiri wake waligoma mwaka 2024. Siwezi kumwambia mtu nyumbani ni peponi. Anayetaka kusoma kweli, aombe udhamini kama Chevening, unaolipa karo na matumizi kwa mwaka mzima, na unaotaka urudi nyumbani ukimaliza. Ni mgumu kupata, lakini hauuzi ng'ombe wa mtu. Anayetaka kazi, aseme kazi. Wazee wetu si wajinga. Wakiambiwa "naenda kutafuta kazi, nafasi yangu ni hii, hatari ni hii," watachanga au watakataa wakijua. Na wakichanga, iandikwe: nani amekopesha nani, italipwa lini, na mambo yakikwama nani anabaki na deni. Hiyo ndiyo biashara. Kijana asiyeweza kuiandika kabla ya kuondoka hatafundishwa na chuo chochote cha mwaka mmoja.

Mwezi ujao kuna harambee hapa mtaani, ya binamu yangu. Nitachanga, maana ni damu yangu. Lakini kabla bahasha haijazunguka nitaiuliza kamati maswali matatu: jumla ni ngapi pamoja na pesa za kuonyesha, akimaliza ana miezi mingapi, na robo ekari itarudi vipi? Mwenyekiti akinijibu kwamba elimu haina bei, nitamwomba anisomee ile barua ya chuo, mahali palipoandikwa bei.