Debe Lililotoboka

Katika nyumba nyingi za Tetu limo debe lililotoboka, birika lisilo na mkono, na makoti yaliyokwisha kuwabana watoto. Vitu hivi hulazwa pembeni hata panya wakavirithi.

Marehemu Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe na Mbunge wa Tetu tangu 2002 hata 2007, hakuvidharau. Kazi ya kupanda miti aliyoianzisha mwaka 1977 ilipoenea, akina mama hawakungojea vyombo vya dukani. Walitunza miche katika makopo makuukuu na vyungu vilivyovunjika. Mabwana misitu walinung'unika kwamba kazi hiyo yataka wenye vyeti. Miche ikaota. Mwaka 2005 alijifunza huko Japani neno mottainai, yaani kusikitikia kitu kinachopotea bure, akalitangaza duniani.

Basi mwenye koti lisilomfaa tena mwanawe na alifue, alishone vifungo, ampe jirani kabla ya baridi ya Julai. Kumpa mtu nguo chafu si ukarimu, ni kumtwisha takataka. Debe nalo lipelekwe kwa fundi wa bati, ambaye hulifanya jiko au koroboi.

Lakini kopo lililokuwa na dawa ya kunyunyizia kahawa halifai kutiwa maji ya kunywa wala maziwa, hata likisuguliwa mara kumi. Hilo lisuuzwe mara tatu, maji yake yamiminwe ndani ya bomba la kunyunyizia, kisha litobolewe, asije mtoto akaliokota akachotea maji mtoni.